Benchi la Chumba cha Pampu

9 Februari

Mdogo wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, nyanyuka ukampe mama shikamoo yangu, maana nakujua, utaimaliza barua yote halafu usahau. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia tangu nilipohama kile chumba ambacho kuta zake zilikuwa zinatoka jasho.

Mzigo wako umefika. Shemeji alishuka kwenye gari moshi Jumanne akiwa na sanduku moja na mito miwili, eti ulimwambia mito ya watu ina kunguni. Walinzi wa getini walicheka mpaka wakasahau kumpekua. Simu yake wameichukua kama walivyochukua za kwetu sote. Hapa simu haziingii, kwanza kwa kanuni, pili mashine yetu ikifyatuliwa hutoa mshtuko wa umeme unaoziua. Kwa hiyo mtaandikiana barua kama wachumba wa zamani, na wewe itabidi urekebishe mwandiko wako.

Amepangiwa chumba cha pampu. Nikueleze kidogo, kwa kuwa umeniuliza miaka mingi na sijawahi kukujibu vizuri. Tuna mwanga wa leza unaobanwa mpaka unadumu muda mfupi kuliko kitu chochote unachoweza kukitaja, kisha unapigwa kwenye karatasi ya chuma nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Pale unapopiga, chembe zenye chaji, ndizo tunazoziita ioni, zinachomoka upande wa pili kwa kasi ya kutisha. Yote hayo yanatokea ndani ya tangi la chuma lisilo na hewa, na hewa hiyo ndiyo anayoinyonya shemeji kwa pampu zake, kupitia bomba nene linalotoboa ukuta. Pampu zikigoma, sisi wengine tunakaa tukitazamana.

Kazi yangu ni chombo cha kuzipima hizo ioni. Ni sanduku lenye tundu dogo la kuingilia, sumaku ndani yake na mabamba mawili ya umeme. Ioni zikipita zinapindishwa, na kila aina inachora mstari wake mwishoni. Mwishoni hapo naweka kipande cha plastiki, ile ile ya lenzi za miwani ya mama. Chembe ikiingia inaacha jeraha lisiloonekana. Nakichemsha kipande katika soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, jeraha linapanuka, nami nalihesabu kwa hadubini. Ndiyo maana vijana wa hapa wananiita Mpishi.

Shemeji ana benchi lake, ana birika lake, na amekwisha kugombana na mtu kuhusu ufagio. Usiwe na wasiwasi.

Kaka yako

*

2 Machi

Kaka, shikamoo.

Mama anasema marahaba, na anauliza kama umeoa. Nimemwambia umeoa sanduku lenye sumaku. Magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anayasahau na kuzunguka nyumba akinikosoa mishono. Cherehani ile kubwa imerudi kwa fundi, inauma uzi. Nimepata kazi ya sare za shule nzima, nikimaliza sitataka kuona kitambaa cha bluu mpaka nife.

Habari za plastiki zako nimezisoma mpaka katikati nikapiga miayo, nisamehe. Wewe tangu utotoni ukiulizwa saa unaeleza saa inavyotengenezwa. Nilichotaka kujua ni kama mume wangu anakula, analala, na anarudi chumbani kwake jioni. Barua yake ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Ya pili ukurasa mmoja. Ya tatu ameniandikia hali ya hewa, kama mtangazaji wa redio.

Kwa kweli nakushukuru. Alikaa miezi bila kazi hapa, akawa anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Mwanamume akianza kufungua kitasa kinachofunga vizuri, ujue nyumba iko hatarini. Umemrudishia heshima yake, na mimi umenirudishia vitasa vyangu.

Mwambie aandike zaidi.

Mdogo wako

*

11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Samahani kwa kukawia, tulikuwa tumebanwa. Mkuu wetu, huyu bwana mwenye sauti ya upole ambaye hajawahi kumfokea mtu, amepata ahadi ya wageni wakubwa mwezi wa sita. Wakiridhika, kituo kitaishi miaka kumi. Wasiporidhika, tutauza pampu kwa kilo. Siku hiyo mashine itafyatuliwa kwa nguvu yake yote, jambo ambalo hatujalifanya bado, na haliwezi kufanyika kabla chombo changu hakijawa tayari, maana bila kipimo wageni wataona moshi tu.

Shemeji ni mzima. Jana alinishinda bao mara mbili.

Nikusimulie jambo, hata ukipiga miayo. Mwezi uliopita nilihitaji kipande kitupu cha kulinganishia, plastiki isiyoguswa na chochote. Nikakibandika upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha pampu, nyuma ya benchi la shemeji, mahali nilipokuwa na hakika hakufiki kitu. Pale juu kuna kipimo cha umeme cha kutoa tahadhari, na tangu kituo kijengwe kimekuwa kikisoma sifuri. Nikasema basi, plastiki na umeme vitakubaliana. Nilikipika kile kipande wiki iliyopita. Nilitarajia kiwe cheupe. Hakikuwa cheupe.

Kilikuwa na makovu, mengi, na yote yamejipanga mbele ya lile tundu la bomba. Labda nilikichafua. Labda soda ilikuwa mbovu. Nimebandika kingine, na nimempelekea Mkuu kile cha kwanza. Alikitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimemwonyesha mtu mwingine, akanipa pole kwa kazi nyingi.

Kaka yako

*

25 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo, magoti yale yale. Sare nimezimaliza, cherehani imepona.

Barua yako ilifika imefunguliwa. Gundi yao ni mbaya, inatoka vipande kama ugali mkavu. Tangu lini mnasomewa barua? Au ni yangu tu? Mambo ya plastiki yako sikuyaelewa, na wala hukusema kama ni mabaya au mazuri, kwa hiyo nikayaacha.

Ninachokielewa ni hiki. Mume wangu ameniandikia mistari sita. Amesema yuko salama mara tatu katika mistari sita. Mtu aliye salama husema mara moja. Nilipomwuliza kama anaweza kuja japo wikiendi, amesema wewe ndiye unayemtia maneno, na kwamba nisikusikilize. Maneno gani? Mbona mimi hujanitia hata moja?

Mmegombana? Kama mmegombana kwa sababu ya bao, semeni, mama acheke.

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Mama mpe shikamoo, mwambie dawa ya magoti ninayo, nitaituma.

Hatujagombana kwa bao. Tumetofautiana, naye ameniapisha, kwa heshima ya ushemeji wetu, kwamba nisikupe wasiwasi. Amesema nikikuambia, undugu umekwisha. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hii, na anaona sasa nataka kumnyang'anya nilichompa. Nimeapa, na ninaumia kwa kiapo hicho.

Kile kipande cha pili ▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬ kila siku, akiwa amekaa pale pale.

Ningependa shemeji aondoke hapa kabla ya mwezi wa sita. Yeye mwenyewe anajua sababu ila hataki kuisikia. Nimesema naye kwa upole, nimesema naye kwa ukali, nimemwomba hata asogeze tu benchi. Amecheka, akanionyesha kipimo ukutani.

Chombo changu bado hakijakaa sawa. Sumaku zinanisumbua.

Kaka yako

*

20 Mei

Kaka,

Shikamoo naitoa kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu ninayo moyoni leo.

Ni nani huyo? Usinifiche. Uliandika jina lake, kisha ukanionea huruma ukapaka wino mweusi, mistari mitatu mizima. Nimeiinua karatasi kwenye dirisha, nimeipitisha juu ya taa, sikuona kitu isipokuwa mkia wa herufi moja. "Kila siku, akiwa amekaa pale pale." Anakaa naye kwenye benchi! Mimi huku nashona mpaka vidole vinaota sugu, yeye huko anakaa benchini na mwanamke kila siku ya Mungu, na kaka yangu wa tumbo moja anaapishwa anyamaze!

Ndiyo maana anaandika hali ya hewa. Ndiyo maana yuko salama mara tatu.

Mama anasema nisikurupuke. Anasema wewe hujawahi kuwa mtu wa umbea, ukisema moto ujue umekwisha kupima joto. Nimemwambia ndiyo hivyo, amepima, amekuta mwanamke.

Sijalala vizuri siku hizi, na kuna sababu nyingine ambayo si ya kuandika. Niambie jina tu. Sitafanya fujo.

Mdogo wako

*

28 Mei

Mdogo wangu,

Hakuna mwanamke. Nisikilize mimi niliyekubeba mgongoni: hakuna. Laiti angekuwepo, ningemfukuza kwa fimbo na usiku huo ningelala. Wino ule si wangu. Shemeji yangu ni mwaminifu kwako na kwa pampu zake, na huo uaminifu wa pili ndio unaonitisha.

Siwezi kusema zaidi kwenye karatasi hii, na simu ya ofisi unaijua, karani anakaa pembeni akichonga penseli.

Sumaku zangu bado zinasumbua. Msaidizi wangu, kijana tunayemwita Umeme kwa jinsi asivyotulia, anashangaa mbona haziishi kusumbua. Namwambia kipimo kizuri hakikimbizwi. Mkuu naye ameanza kuja karakana kila asubuhi, anasimama mlangoni, anatabasamu, anauliza, "Leo?" Namjibu, "Bado." Sijui nitasema bado mpaka lini.

Mama anazeeka. Nalisema hili mara moja tu, nawe ni mwerevu. Likitokea jambo zito nyumbani, Mkuu ni mtu wa huruma, humwachia mfanyakazi aondoke siku ile ile bila maswali. Wageni watafika tarehe kumi na tatu.

Kaka yako

*

12 Juni, nyumbani

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya kushonea. Mama yuko mbele yangu, mzima, anamenya viazi na kunilaumu kwamba nimekonda. Sijui nianze wapi.

Uliipata maana yangu, ukapiga simu ofisini ukasema mama amefariki. Mama ameniambia mlivyofanya, jinsi alivyosema "niueni tu, nitafufuka Jumapili." Shabaha yako ilikuwa nzuri, mdogo wangu, ila risasi ilimpata asiyelengwa. Hukufikiria, nami sikufikiria, sisi wawili tunaojifanya werevu. Kwa shemeji, mama ni mama mkwe. Kwangu ni mama mzazi. Mkuu alikuja karakana mwenyewe, akanishika mabega yote mawili, machozi yakimlenga, akasema, "Nenda kamzike mama yako. Shemeji yako atakaa, atakuwakilisha kazini." Nikasema aende yeye, mimi nitabaki. Wakaniona nimechanganyikiwa kwa uchungu. Nikasema tena. Wakaniletea maji. Wakachukua kadi yangu ya getini, wakanipakia kwenye gari, na mwenzangu mmoja akakaa nami mpaka gari moshi likaondoka.

Ningeweza kusema ni uongo. Nilijua ni uongo kwa sehemu tisa, na ile ya kumi ikanipandisha behewani nikilia kweli.

Tulipofika njia panda, gari moshi letu lilisimama kando ya lile linalotoka huku. Nimeambiwa sasa kwamba wewe ulikuwa ndani yake. Mume hakushuka siku uliyomtarajia, ukamwachia jirani mama, ukaenda kumkamata mwenyewe.

Sasa nakueleza yote, na kiapo nakivunja. Wewe unayeisoma barua hii getini, isome mpaka ushibe, kisha mpe mwenyewe. Naomba kwa jina la mama yako.

Mashine yetu ikipiga, ioni zinazogonga kuta za tangi huzaa chembe nyingine zisizo na chaji. Hizo hazipindishwi na sumaku na haziogopi chuma. Ukuta mnene ungezizuia. Lakini bomba la kunyonyea hewa lilipitishwa ukutani likiwa limenyooka, kwa kuwa bomba lililonyooka hunyonya haraka. Lilipaswa kupindwa. Kwa hiyo kuna tundu, na mbele ya tundu kuna benchi, na chembe hizo humwingia anayekaa pale bila kumchoma, bila kumuuma, bila harufu. Zinakula mwili kwa ndani na hesabu yake huja baadaye. Nimepika vipande sita. Vyote vina makovu, na kila tulipoongeza nguvu, makovu yaliongezeka.

Usikiamini kipimo cha ukutani. Kilitengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyodondoka kimoja kimoja. Kwetu vyote hufika kwa mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa, nacho huhesabu moja na kurudi sifuri. Mvua nzima ikinyesha kwa pigo moja, chenyewe kinaona tone. Nilimweleza Mkuu. Alisema tupishe wageni kwanza, ndipo tutapinda bomba.

Sumaku zangu hazikuwahi kusumbua. Chombo kilikuwa tayari tangu mwezi wa nne. Nilikuwa naivuta siku, kwa sababu hawakuweza kufyatua nguvu yote bila mimi, na kila nilipokaza skrubu jioni niliifungua asubuhi. Sasa nimeondoka. Umeme atakifungua, atakuta hakina ubovu wowote, ataona sifa ni zake.

Nimepiga simu ofisini leo mara nyingi. Karani anasema simu za binafsi zimesimamishwa mpaka wageni waondoke. Nilimwambia, "Mwambie dada yangu asiingie chumba cha pampu, na amtoe mumewe." Akasema, "Pole sana kwa msiba, mzee. Nitamfikishia Mkuu." Gari moshi linalofuata ni Jumamosi. Gari la posta linaondoka jioni hii, halibebi abiria, nimemwomba dereva hata nikae juu ya magunia, amekataa. Barua itatangulia.

Mtoe. Mvute kwa shati. Mwite majina yote uliyokuwa umemwandalia yule mwanamke. Ondokeni kwa miguu kama hakuna gari.

Kaka yako

*

15 Juni, kituoni

Kaka yangu, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na kwamba unaendelea vizuri na msiba wetu. Msalimie sana yule bibi jirani mwenye miwani na magoti mabovu. Mwambie hapa wamemlilia kuliko ndugu zake.

Nina mengi, sijui nishike lipi. Kwanza nikuombe radhi. Hakuna mwanamke. Nilifika nimejikunja kama ngumi, nikapelekwa moja kwa moja hadi chumba cha pampu, nikamkuta mume wangu peke yake, mikono ina grisi mpaka viwikoni, amelalia mto wangu kwenye benchi. Aliponiona alisimama akaanza kulia, nikakumbuka kwamba yeye anaamini kweli mama amekufa. Nilimnong'oneza. Alikasirika, kisha akacheka mpaka akalazimika kujifanya analia tena, kwa kuwa watu walikuwa wanasogea.

Mkuu wenu ni mtu mwema, kaka. Alinipa pole mwenyewe. Nilimwambia nimekuja kumchukua mume wangu kwa mazishi, akasema kwa unyenyekevu kabisa kwamba hana fundi mwingine wa pampu, nivumilie wiki hii moja, kisha atatupa gari la kituo litupeleke mpaka mlangoni. Nyumba ya wageni imejaa hao wakubwa, kwa hiyo akatoa ruhusa ya pekee nishinde na mume wangu kazini kwake. Alisema, "Mtu aliyefiwa asiachwe peke yake." Ameleta hata kiti, ila benchi ni zuri zaidi, ukuta wake una joto na mgongo wangu siku hizi unahitaji joto.

Maneno ambayo mume wangu alikuapisha usiniambie, ameniambia mwenyewe. Amesema unaogopa tundu la bomba. Nilishtuka kidogo, nakiri, kwa sababu mama alisema wewe ukisema moto umekwisha kupima joto. Nikamwuliza, kipimo kinasemaje? Tukasimama wote wawili tukakitazama walipofyatua. Kaka, nilikitazama bila kupepesa. Kilisoma moja, kikarudi sifuri. Moja! Nikasema kama ni hiyo moja tu, na jua la barabarani lina ngapi? Usikasirike. Najua unatupenda na umechoka. Mlizozana kama ndugu, sasa yamekwisha.

Wageni wamefurahi. Yule kijana mnayemwita Umeme amepongezwa mbele ya watu, alikimaliza chombo chako kwa nusu siku, akasema kilibakia kukaza skrubu tu. Amelitaja jina lako kwa heshima. Kwa kuwa wameridhika, wameongeza muda, sasa wanafyatua asubuhi na mchana, kwa nguvu yote, mpaka Jumapili. Mume wangu anasema pampu hazijawahi kufanya kazi kwa raha namna hii.

Karani wa getini ameniambia kuna barua yako imefika jana. Sijaiona. Imepelekwa kwa Mkuu isomwe kwanza, na Mkuu yuko na wageni. Kama ni ya kunifokea kwa kusafiri, nifokee tukionana.

Nimalizie na lile ambalo sikutaka kuliandika. Unajua mara mbili nilitangaza mapema, na mara mbili nikarudi kukunja nguo nilizoshona. Safari hii niliapa sitamwambia mtu, hata mama, hata mwenyewe baba yake, mpaka nipite mwezi wa tano wa mimba. Nimeupita. Nilimwambia juzi, hapa hapa, naye akakaa chini sakafuni kama mtu aliyevutwa miguu.

Na jana mchana, nikiwa nimeegemea ukuta, mashine ikapiga ule mlio wake, na wakati huo huo mtoto akacheza. Mara ya kwanza. Aliruka kaka, aliruka kabisa, mume wangu alipoweka mkono alimkuta bado anatikisika. Tumengoja mlio wa leo asubuhi tuone, akaruka tena. Tumecheka kama watoto. Sasa kila wakikaribia kufyatua nakuja kukaa pale pale, nimwekee mkono, nimngoje.

Utakuwa mjomba. Usimwambie mtu bado.

Mdogo wako